Palipo Kimya, Jaza

Jumatano, 12 Februari

Leo nimejifunza Uzi, na kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshaumaliza. Sijisifu — lugha yenyewe ina maneno matano tu! Sikia. Andika. Jaza. Lainisha. Peleka. Unaandika neno, unaweka nukta mbili, halafu unaiambia modeli, ile akili ya kompyuta, kwa Kiswahili cha kawaida unataka nini. Mstari wa kwanza ukimaliza unaupokeza wa pili, wa pili unaupokeza wa tatu, mpaka chini. Mtaalamu aliyekuja kutufundisha alisisitiza jambo moja: kila mstari unaona kile tu ulichopokezwa na mstari wa juu yake. Yaliyotangulia haujui. Wala hauulizi.

Nikamwambia basi hiyo ni ofisi yetu kabisa. Akacheka, mtu wa watu yule.

Kuanzia sasa mafundi lifti hawaandiki ripoti. Kila mmoja kapewa kinasa sauti cha kubana kifuani. Kinanasa kazini, jioni kinajituma chenyewe, Uzi unageuza sauti kuwa ripoti na kumpelekea mteja. Mimi mpanga ratiba ndiye nimekabidhiwa kuutunza. Meneja kasema nisimwaibishe. Kama vile mimi ndiye mwenye kawaida hiyo!

Ijumaa, 21 Februari

Shemeji ataniua na meneja atanizika. Ripoti za mafundi wote zimenyooka, isipokuwa zake. Huyu ni mume wa dada yangu, na ofisi nzima inamwita Nusuneno. Kumtoa neno ni kazi kama kung'oa jino. Asubuhi anaingia anasema "Hab—", nyingine unamalizia mwenyewe. Ripoti yake ya jana iliyokwenda kwa mteja ilikuwa: Sawa. Hiyo tu. Meneja kawaka, mteja analipia kazi ya siku nzima anapewa neno moja?

Nikamwita shemeji pembeni. Kumbe kinasa hakivai! Anakitundika pamoja na koti popote penye msumari, anasema kinamkera kifuani kama kupe. Nikamsihi akizungumzishe hata kidogo. Akanitazama kama nimemwambia akazungumze na ndoo.

Basi nimeongeza mstari. Jaza: palipo kimya, jaza kwa kadiri ya fundi anavyofanya kazi siku zote. Nikaupa na ripoti zake zote za zamani zilizomo kwenye kompyuta. Jioni ikatoka ripoti ya ukurasa mzima — amesafisha reli, amepaka grisi, amekagua breki, amebadilisha waya wa kengele — nikajipigia makofi peke yangu mezani. Nikamwonyesha. Akasoma, akajikuna kidevu.

"Ndivyo," akasema.

Maana ndivyo alivyofanya kweli. Hakuna kilichozidi wala kupungua.

Halafu nikaongeza langu la udugu, meneja hajui. Peleka wa pili: ujumbe mfupi kwa mkewe kila jioni, kama yuko kazi ya mbali. Dada amelia miaka mingi kwamba mumewe akiondoka ni kama kazama kisimani. Haya, sasa atapata salamu zake.

Alhamisi, 27 Februari

Dada kapiga simu anacheka kama msichana. Mumewe yuko kazi ya nje ya mji tangu juzi na kila jioni anamwandikia! Na anamwita mpenzi! Akanisomea: Mpenzi, kazi inaenda vizuri, nimekula, usiwe na wasiwasi.

Nikamwambia ujumbe unapitia ofisini. Ndiyo, anajua, unapitia ofisini, lakini si maneno yake? Nikakohoa. Akaendelea kwamba jana alimpata kwenye simu akamtania kuhusu hilo neno mpenzi, na yeye akajibu si mimi. Ati haya zimemshika! Mtu mzima mwenye mapacha wa darasa la sita.

Nilitaka kumweleza. Lakini alikuwa na furaha, nami ni nani nimharibie? Nitamwambia siku nyingine.

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kapelekwa kwenye lile jengo la zamani ng'ambo ya mji. Orofa tisa, tupu, lifti imekufa miaka. Mwenye jengo anataka kufungua ofisi mwanzoni mwa mwezi ujao. Kuna mlinzi getini, ndani hamna hata paka. Atalala huko huko mpaka amalize, kama kawaida yake.

Kaenda peke yake. Zamani mafundi walikwenda wawili wawili. Tangu Uzi uanze meneja anasema wa pili alikuwa wa kuandika tu, na sasa kuandika kumepata mwenyewe. Nilitaka kubisha, nikamwandika peke yake kwenye ratiba. Shemeji alibeba mkoba wake wa vyombo, akakivuta kile kinasa kwa vidole viwili kama mtu anayeshika panya aliyekufa. Nikacheka. Akasema, "Haya, sheme—" akaondoka.

Jumanne, 4 Machi

Ripoti imeingia. Reli, grisi, breki. Kesho ataingia shimoni chini ya lifti kukagua springi. Mteja kajibu: kazi safi.

Mvua. Kiatu cha kushoto kinaingiza maji.

Jumatano, 5 Machi

Ripoti imeingia mapema. Nimeisoma mara mbili, sijui kwa nini. Hii hapa:

Nimeingia shimoni. Nimekagua springi. Mlango wa chini umejifunga vizuri. Kuna maji kidogo, si tatizo. Nimegonga pini za reli zikakaa sawa. Kesho naendelea.

Hakuna kibaya. Ni fupi, kama mtu mwenyewe. Lakini mlango wa chini umejifunga vizuri — nani anaandika hivyo? Mtu anafunga mlango.

Nikampigia. Haipatikani. Ndani ya shimo la lifti simu haishiki, hilo najua hata mimi. Nikampigia mlinzi. Akasema fundi yupo, koti lake liko juu kwenye chumba cha mashine, mkoba wa vyombo haupo kwa hiyo anafanya kazi. Je, umemwona leo? Akasema leo bado. Yeye anakaa getini, lango ni moja, mtu akitoka atamwona. Hajatoka.

Basi. Yupo.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kanitumia ujumbe wa jana wa mumewe. Mpenzi, niko salama, huku ni kimya, nimepumzika vizuri. Kauliza huku ni kimya maana yake nini, mbona kama mtu anayeandika kutoka hospitali. Alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Nikataka kusikiliza sauti yenyewe. Haipo. Uzi ukishaandika unaitupa sauti, ndivyo tulivyoupanga ili kompyuta isijae. Kinachobaki ni ripoti tu. Nikakaa nikiiangalia skrini kama mjinga. Siku zote hizi nasoma maneno ya shemeji, na sijui ni lipi limetoka kinywani mwake na lipi limetoka kwenye mstari wangu. Yote yamevaa nguo moja.

Sasa kuna njia. Nimewaambia Sikia na Andika wanionyeshe na mimi walichopata kabla ya kumpokeza Jaza. Nimekaa hadi kinasa kilipojituma. Kama wanafunzi wawili wa darasa moja, Andika na Jaza, nikaweka karatasi zao pamoja.

Mstari wa pili, alichosikia: Hakuna maneno. Maji yanadondoka. Kugonga chuma kwa mbali. Kimya. Kugonga. Kimya.

Mstari wa tatu, alichojaza: Nimekagua breki. Nimegonga pini za reli. Breki ziko sawa. Nimegonga pini zilizobaki. Kazi inaendelea vizuri.

Nilisimama nikakaa tena. Maana unaweza kusema ndivyo, si ndiyo kazi yake, kugonga pini? Fundi anagonga, kinasa kimetundikwa juu mbali, kimesikia. Hiyo ndiyo maana yake! Nimejiambia hivyo njia nzima. Nimekula nikijiambia hivyo.

Lakini pini za reli aligonga jana. Zikakaa sawa.

Ijumaa, 7 Machi

Sina hamu ya kuandika lakini nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi nilimwendea meneja na zile karatasi mbili. Nikamweleza: mstari wa Jaza haujui kama fundi yupo au hayupo. Unapokezwa kimya unatoa kazi. Ungepokezwa kimya cha kaburi ungetoa kazi. Nikataka twende kwenye jengo. Akazigeuza karatasi, akauliza kama mlinzi anasema ametoka. Hapana. Kama mteja analalamika. Hapana. Akasema Nusuneno amekuwa bubu tangu aajiriwe, leo ndiyo imekuwa habari?

Nikasema sitaki kungoja.

"Uzi umeuandika mwenyewe," akasema. "Leo huuamini?"

Nikarudi mezani, nikaufuta mstari wa Jaza. Kama ni kimya basi kije kimya, waone karatasi tupu, waamke.

Nikapiga simu kwa mlinzi. Zamu imebadilika, ni mwingine. Huyu hajamwona fundi kamwe lakini kaambiwa yupo. Nikamwomba aende kwenye mlango wa chini wa lifti aite kwa sauti. Akasema chini hakuna taa na hapewi ufunguo wa chini, ufunguo anao fundi. Nikamsihi. Akaenda mpaka juu ya ngazi, akaita mara moja, nikamsikia kwenye simu akiita. Jengo likamrudishia sauti yake. Akasema hakuna kitu, mama, labda kalala.

Jioni ripoti ikaingia. Si tupu. Imejaa!

Kazi imekamilika. Lifti imekaguliwa na iko salama. Iwashwe kesho asubuhi.

Nikafungua Uzi — mstari wangu wa Jaza umekaa pale pale, neno kwa neno, kama sijaugusa. Nilidhani nimerukwa na akili. Nikakimbilia kwa meneja, naye bila hata kuinua kichwa akasema ameurudisha yeye, mimi ningempelekea mteja karatasi tupu siku ya kumaliza kazi? Kisha akafurahi kwamba shemeji kamaliza Ijumaa kama kawaida.

Kama kawaida. Hapo ndipo nilipoelewa. Shemeji lifti za kizamani anazimaliza Ijumaa, maisha yake yote. Iko kwenye kila ripoti niliyoupa ule mstari. Ijumaa imefika, kwa hiyo kazi imekwisha. Hakuna aliyeimaliza. Na kesho mtu atabonyeza swichi, na lifti ya tani nzima itashuka mpaka chini kabisa.

Nimemwambia meneja asiwashe mtu. Akasema atampigia mteja. Sijui kama amepiga. Nimempigia mteja mwenyewe, karani wake kasema ripoti anayo mkononi, imeandikwa vizuri sana.

Usiku dada kanitumia alichopata: Mpenzi, nimechoka, nalala hapa, kesho nakuja. Dada mwenyewe katia na picha ya moyo. Kasema kampikia.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimekaa sakafuni, ukumbi wa chini wa lile jengo, mgongo wangu umeegemea mlango wa lifti. Zimamoto wamesema wako njiani. Wamesema hivyo tangu nilipofika.

Asubuhi na mapema nilimfuata dada kwake. Sikupiga simu. Mapacha walikuwa wanagombania kijiko, sufuria ya jana iko juu ya meza imefunikwa sahani. Nilimwambia avae twende. Akauliza kuna nini, nikasema njiani. Kwenye teksi ndipo nilipomweleza yote, Uzi, Jaza, ule ujumbe, mpenzi, yote. Sikumtazama usoni. Hakunitukana, heri angenitukana. Alishika simu yake mapajani akaigeuza uso chini.

Kisha akakasirika, lakini si kwa hilo. Akasema mimi tangu utotoni nazua maafa, mtu kaandika anakuja leo, tutapishana naye barabarani. Nikasema dada, hakuandika. Akasema basi koti liko, mlinzi kasema yupo, amemaliza kazi, kalala. Nikasema amelala wapi? Akatazama dirishani mpaka tukafika.

Fundi umeme wa mteja tumemkuta tayari. Mtu mpole, ana karatasi ya ripoti yetu kakunja mfukoni. Kasha la swichi liko hapa hapa ukumbini, limefunguliwa, na alikuwa anavaa glavu. Nilipiga kelele. Akashtuka mpaka bisibisi ikamdondoka. Nikamweleza, akatoa ripoti akanionyesha kwa kidole: iko salama, iwashwe. Nikasema hayo nimeyaandika mimi! Akanitazama kwa huruma, ile ya kumtazama mgonjwa.

Mlinzi katupandisha kwenye chumba cha mashine, ngazi zote hizo, dada mbele. Koti lipo kwenye msumari. Kinasa kimebanwa kolani, taa yake nyekundu inapepesa. Mfuko wa koti una ndizi moja imekuwa nyeusi. Dada aliishika, akairudisha. Alilikunja koti vizuri, kama anayelitia kabatini, akalibeba. Kinasa bado kimo.

Sakafuni kuna tundu la kamba za chuma, ukiinama unaona giza linakwenda chini na paa la lifti limesimama katikati. Niliita. Dada akaita, kwa jina lake halisi, ambalo ofisini sijalisikia hata mara moja. Tukasikiliza. Maji yanadondoka. Kama ni kugonga sikusikia, au nilisikia moyo wangu. Mlinzi akasema kasikia kitu. Halafu akasema hapana.

Tumeshuka. Mlango wa chini ni wa chuma, umefungwa, mlinzi anasema kwa ndani hauna kitasa, na ufunguo hakuna. Tumeupiga kwa mawe. Mikono ya dada imechubuka.

Sasa fundi umeme kashika simu, anaongea na bosi wake, na bosi wake anaongea na meneja. Nimemsikia meneja mpaka hapa nilipo, sauti yake inatoka kama ya nzi kwenye kopo. Anasema mimi si fundi, mimi napanga ratiba. Anasema nimepata mshtuko wa kifamilia. Anasema kuna ripoti. Fundi umeme kaniambia kwa upole kwamba yeye ameagizwa tu, mama, akiwasha ataiita lifti juu, siyo chini, basi itakuwa na ubaya gani? Nikamwuliza kama anajua kwa hakika itaanza kwenda upande upi. Akageuza macho kwenye swichi. Lifti iliyolala miaka, nani anajua!

Ndipo simu ya dada ikalia. Ujumbe. Jumamosi Uzi huwa unatuma mchana, umeangalia saa yake ukatuma.

Dada akausoma kwa sauti, hata fundi umeme akausikia. Mpenzi, nimetoka. Niko njiani kuja nyumbani.

Na uso wake! Nimeuona ukifunguka. Wote tumeona. Fundi umeme akapumua, akasema alhamdulillahi, mama, si hilo sasa, akageukia kasha lake. Mlinzi akatabasamu. Mimi nilijibana kwenye mlango huu kama naweza kuizuia lifti kwa mgongo wangu. Nikasema dada, koti lake umelibeba wewe. Kinasa kiko mikononi mwako. Kimetusikia sisi. Ni sisi tumetoka kule juu.

Akausoma tena, midomo inacheza. Nyumbani shemeji anamwita Mama Pacha, tangu watoto wazaliwe, hana jina jingine kwake, na hata hilo hulikata katikati.

"Aliniambia si yeye," dada akasema. "Nikamcheka."

Kisha akaenda mpaka kwenye kasha la swichi, akalifunga, akakaa mbele yake na koti mapajani. Fundi umeme kasogea mwenyewe. Kavua glavu. Meneja bado anaongea kwenye simu iliyowekwa sakafuni, hakuna anayemjibu.

Mlinzi kalala kifudifudi kwenye ngazi za chini, sikio kwenye mlango wa chuma. Kanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kutuambia tusipumue.

Simu ya dada imelia tena, ujumbe mwingine. Iko hapa kati yetu, inang'aa. Hatujaitazama.